Mkono Nao Hujifunza

Asafiriye kutoka Makambako kwenda Njombe, mwendo wa kilomita 60 hivi, huyaona mashamba ya misindano, mikaratusi na miwati, na mashine za dingdong zikipasua mbao kando yake. Kabla ya mbao pana mkataji, aghalabu kijana aliyejifunza kazi kwa kumtazama mwenziwe. Rai yangu yamhusu kijana huyo.

Msumeno wa mnyororo una hatari moja ambayo mwalimu hawezi kuionyesha shambani. Sehemu ya juu ya ncha ya ubapa ikigusa gogo huku mnyororo ukizunguka, meno hukwama, na ubapa hurushwa juu na nyuma, kumwelekea aliyeushika. Mtu huhitaji angalau sehemu moja ya tano ya sekunde kuitikia jambo asilolitazamia, na huo ni muda mrefu mno hapa. Kinachomwokoa si wepesi wake, bali ni jinsi alivyoushika msumeno na mahali aliposimama. Ni mwalimu gani atakayethubutu kumrushia mwanafunzi msumeno ili ajifunze?

Uhalisia pepe wenye mguso waweza kuifanya kazi hiyo pasipo damu. Mwanafunzi huvaa miwani, huuona msitu uliochorwa na kompyuta, na hushika mpini uliounganishwa na mota. Kompyuta hupima mpini ulipo, hukokotoa nguvu ambayo mti ungeirudisha, nazo mota huusukuma mkono kwa kiasi hicho. Wazo lenyewe si geni. Katika miaka ya 1950, Raymond Goertz wa Marekani alitengeneza mitambo ya kushikia kwa mbali vitu vyenye mnururisho, na mwendeshaji alihisi mkononi ukinzani wa kile alichokishika.

Lakini jicho hudanganyika kwa urahisi kuliko mkono. Sinema hutosheka na picha 24 kwa sekunde, ilhali mguso wa kitu kigumu hutaka nguvu ikokotolewe yapata mara 1,000 kwa sekunde, la sivyo gogo huhisika kama mpira. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale washangiliao kila chombo kipya. Mguso wa uongo ni mbaya kuliko kukosa mguso kabisa, maana mkono ukishazoea kosa huwa vigumu kuurudi. Mtambo uliopimiwa misindano ya Finland, ikuayo polepole katika baridi, hauwezi kumfundisha kwa uaminifu mkataji wa msindano wa Njombe, ambao hukua upesi na una pete pana.

Kwa hiyo kununua mtambo si hatua ya kwanza. Hatua ya kwanza ni kupima miti yetu. Upimaji wa awali wawezekana hata katika darasa la fizikia la kidato cha tatu. Wanafunzi wafunge mizani ya springi kwenye msumeno wa mkono, wauvute taratibu juu ya gogo la msindano, kisha la mkaratusi, na waandike nyutoni zilizohitajika. Warudie magogo hayo yakishakauka.