Hifadhi au Tengefu? Utata wa Istilahi katika Bahari ya Malindi

Katika makongamano ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, mjadala wa istilahi umekuwa ukirejea mara kwa mara kwenye nyanja zile zile: kompyuta, sheria, tiba na ufundishaji. Nyanja hizo zina umuhimu wake na hakuna anayeukana. Hata hivyo, ipo nyanja moja ambayo Kiswahili kilizaliwa na kulelewa ndani yake, nayo imeachwa ijitafutie istilahi zake yenyewe bila msaada wa wataalamu. Nyanja hiyo ni bahari. Makala haya yanashikilia kwamba uzembe huo una gharama, na kwamba gharama yenyewe hailipwi na wanaisimu bali na wavuvi wa mahali kama Muyeye.

Muyeye ni mtaa ulio kusini mwa mji wa Malindi, katika Kaunti ya Kilifi. Wakazi wake ni Wagiriama, Waswahili, Wabajuni na watu waliohamia kutoka sehemu nyingine za Kenya. Mbele ya ufuo wa sehemu hii ya Malindi kuna matumbawe ambayo serikali iliyaweka chini ya ulinzi wa sheria mwaka wa 1968, pamoja na yale ya Watamu. Maeneo haya mawili yalikuwa miongoni mwa ya kwanza ya aina hiyo barani Afrika. Mwaka wa 1979, UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya maeneo ya biosfia. Wageni kutoka Ulaya, hasa Italia, wamekuwa wakichukuliwa kwa mashua za chini ya vioo kwenda kuwatazama samaki hao kwa miongo mingi. Kwa hiyo, si eneo geni wala lisilojulikana. Pamoja na umaarufu huo wote, jambo moja la msingi halijatatuliwa hadi leo: eneo hilo linaitwaje kwa Kiswahili?

Swali hili huenda likaonekana dogo. Lakini inafaa ikumbukwe kwamba sheria ya Kenya inatambua maeneo mawili tofauti katika maji hayo. La kwanza ni dogo, lenye takriban kilomita 6 za mraba upande wa Malindi, na humo hakuna ruhusa ya kuvua samaki, kuokota kombe, wala kuchukua chochote. La pili ni kubwa zaidi. Linayazunguka maeneo ya ndani ya Malindi na Watamu na lina zaidi ya kilomita 200 za mraba, na humo uvuvi wa jadi unaruhusiwa: mvuvi anaweza kutega malema au kutupa mshipi, mradi azingatie kanuni. Kwa Kiingereza kila eneo lina jina lake, na kila jina lina maana ya kisheria iliyoelezwa waziwazi. Kwa Kiswahili, yote mawili huitwa "hifadhi".

Neno hilo limebebeshwa mzigo usiolingana na nguvu zake. Msitu wa Arabuko-Sokoke ni hifadhi. Eneo la biosfia ni hifadhi. Ardhi ya wafugaji inayotengwa kwa ajili ya wanyama ni hifadhi ya jamii. Sehemu ya bahari ambayo kuvua ni kosa ni hifadhi, na sehemu inayopakana nayo, ambayo kuvua ni halali, nayo ni hifadhi. Mvuvi anayeambiwa na afisa kwamba "hapa ni hifadhi" hajaambiwa lolote litakalomwongoza. Anajua tu kwamba serikali ina neno lake mahali hapo.

Wapo wanaojaribu kukwepa utata huo kwa kutumia "mbuga". Vyombo vya habari vimelizoesha neno hilo kwa Tsavo na Maasai Mara, na si ajabu kusikia likisukumwa hadi baharini kwa kuita eneo la Malindi "mbuga ya baharini". Tatizo ni kwamba mbuga ni uwanda mpana wa nyasi. Kulipeleka neno hilo kwenye matumbawe ni sawa na kumwita nahodha dereva wa mashua: maana inapatikana, lakini kila mwenye lugha anahisi kwamba kuna kitu kimepotoka. Zaidi ya hayo, neno hilo huchora picha ya twiga na simba katika fikra za msikilizaji, na kuwafanya tafi, changu na kasa waonekane wageni katika sheria inayowahusu.

Mtu anaweza kusema: basi Kenya iazime istilahi za Tanzania, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya shughuli za serikali kwa muda mrefu. Pendekezo hilo lina mantiki kwa nje, lakini likichunguzwa linazidisha utata. Tanzania ilitunga Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu mwaka wa 1994. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka wa 1995, ina vijiji ndani yake, na uvuvi unaendelea katika kanda zilizopangwa. Kinyume chake, maeneo tengefu, kama visiwa vya Bongoyo na Mbudya karibu na Dar es Salaam, ndiyo ambayo uvuvi umepigwa marufuku. Kwa maneno mengine, mpangilio wa Tanzania ni kinyume cha ule wa Kenya. Neno la Kiingereza ambalo Kenya inalitumia kwa eneo lililofungwa, Tanzania inalitumia kwa eneo lenye matumizi mengi. Na lile ambalo Kenya inalitumia kwa eneo lililo wazi kwa wavuvi, Tanzania inalitumia kwa eneo lililofungwa. Mfasiri anayetafsiri sheria ya Kenya kwa kuangalia neno dhidi ya neno, akiwa na kamusi ya istilahi za Tanzania mkononi, atamwambia mvuvi wa Muyeye kwamba anaruhusiwa kuvua mahali panapokatazwa, na kwamba amekatazwa mahali panaporuhusiwa. Huo si mfano wa darasani tu. Ni kosa linaloweza kumfikisha mtu mahakamani.

Historia ya pwani inaonyesha jinsi hofu inavyokua pale ambapo maana haiko wazi. Mwaka wa 1995, serikali ya Kenya ilitangaza eneo la Diani na Chale, kusini mwa Mombasa, kuwa eneo la bahari linalolindwa. Kisheria, lilikuwa la aina ile inayoruhusu uvuvi wa jadi. Hata hivyo, upinzani wa wenyeji ulikuwa mkali kiasi kwamba mpango huo haukutekelezwa. Hofu kuu ilikuwa kupoteza maeneo ya kuvulia. Ni kweli kwamba upinzani huo ulikuwa na sababu nyingi, zikiwemo za kisiasa na za umiliki wa ardhi, na haitakuwa haki kuliwekea neno moja lawama yote. Lakini watu wanaotarajiwa kuikubali sheria wana haki ya kuielewa kwanza, na ni vigumu kumshawishi mvuvi kwamba "hifadhi" hii haitamfukuza ilhali "hifadhi" anayoijua ilifunga maji ya baba yake. Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wahenga. Hapa, hata huyo anayeambiwa hana neno la kuipokelea maana.

Jambo la kutia moyo ni kwamba jawabu limekwisha kupatikana, na halikutoka chuo kikuu. Limetoka Kilifi kwenyewe. Huko Kuruwitu, kusini mwa mji wa Kilifi, jamii ya wavuvi iliamua katikati ya miaka ya 2000 kufunga sehemu ya bahari yao, takriban hekta 30, ili samaki wapate mahali pa kuzaana. Hawakushurutishwa na serikali. Maeneo ya aina hiyo yaliyofungwa na jamii zenyewe yamekuja kuitwa "tengefu" katika pwani ya Kenya, na mwaka wa 2017 jitihada za Kuruwitu zilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Neno "tengefu" linatokana na kitenzi "tenga", na mwenye lugha yeyote analielewa bila kufunguliwa kamusi: kilichotengwa hakiguswi. Chakula kilichotengwa kwa mgeni hakiguswi na watoto, hata wakiwa na njaa. Hapo ndipo ilipo nguvu ya istilahi nzuri, kwamba hubeba kanuni ndani yake.

Pendekezo la makala haya, basi, ni jepesi. Eneo la ndani la Malindi, ambalo kuvua ni marufuku, liitwe "tengefu la bahari". Eneo la nje, ambalo uvuvi wa jadi unaruhusiwa kwa masharti, ndilo libaki na jina la "hifadhi". Mgawanyo huu unalingana na matumizi ya wanajamii wa Kilifi, na unalingana pia na mantiki ya istilahi za Tanzania, kwa kuwa pande zote mbili "tengefu" litakuwa na maana ya eneo lililofungwa. Faida yake ni kwamba istilahi itafuata kanuni inayotawala mahali penyewe, bila kutegemea jina la Kiingereza ambalo nchi hizi mbili zimelielewa kwa namna zinazopingana.

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba shida ya mvuvi wa Muyeye si maneno bali ni njaa. Samaki wamepungua, zana zimepanda bei, na hoteli zimejengwa mahali ambapo zamani mitumbwi ilikuwa ikivutwa nchi kavu. Mto Sabaki huleta matope kutoka bara, na wakati wa kaskazi mkondo huyasukuma hadi kwenye matumbawe ya Malindi. Joto la bahari la mwaka wa 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani hii. Hakuna istilahi itakayozuia lolote kati ya hayo. Pingamizi hili ni zito na halipaswi kupuuzwa. Lakini mijadala kuhusu matope, joto na mapato ya utalii hufanyika katika vikao, na mipango ya usimamizi huandikwa kwa Kiingereza. Mvuvi asiyekuwa na maneno ya kikao huketi nyuma na kutia sahihi. Katiba ya 2010 ilifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza katika kifungu cha 7, na kifungu cha 69 kinaitaka serikali kuhimiza ushiriki wa wananchi katika usimamizi wa mazingira. Ushiriki bila lugha ya pamoja ni hudhurio tu.

Pingamizi la pili ni kwamba wavuvi wana majina yao tayari na hawahitaji kufundishwa. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu kazi hii inapaswa kuanzia kwao. Mvuvi hutofautisha mwamba na kipwa. Anajua mlango ambao mashua itapita maji yakiwa mafu na ule unaohitaji bamvua. Anatofautisha kasa na ng'amba, jarife na juya, dema na uzio. Yeye huitambua bahari kwa majina ambayo hayamo katika ramani yoyote ya serikali. Kinachokosekana ni daraja kati ya msamiati huo na lugha ya sheria. Kuruwitu imeonyesha kwamba daraja hilo linaweza kujengwa kutoka upande wa wavuvi. Upande wa pili, wa vyuo, bado haujaanza kazi yake.

Kwa hiyo, wito wa makala haya unawaelekea wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Tasnifu za uzamili kuhusu fani katika ushairi wa pwani ni nyingi, na zitaendelea kuandikwa. Lakini ni wangapi wamekwenda Muyeye, Mayungu au Ngomeni wakiwa na daftari, wakakusanya msamiati wa bahari kutoka kwa wazee ambao wajukuu wao sasa ni waongozaji watalii na wanaifahamu bahari kwa majina ya Kiingereza na Kiitaliano? CHAKITA na idara za Kiswahili zingeweza kukaa pamoja na Shirika la Huduma za Wanyamapori, vikundi vya usimamizi wa fuo na serikali ya kaunti, ili Sheria ya Wanyamapori ya 2013 na kanuni zinazohusu bahari zipatikane kwa Kiswahili kinachosomeka. Mabango ya ufuoni yangefuata. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi kuliko zinazotumika katika kongamano moja la siku tatu.

Itafaa wataalamu wakumbuke asili ya neno "hifadhi" lenyewe. Katika madrasa za Malindi, mtoto aliyehifadhi Kurani si yule aliyeifungia kabatini. Ni yule aliyeiweka moyoni, aya kwa aya, kwa lugha na kwa sauti. Matumbawe ya Malindi yamelindwa kwa boti za doria na kwa faini tangu 1968, na ulinzi huo hauna budi kuendelea. Bado hayajahifadhiwa kwa maana hiyo ya madrasa. Watakaoyahifadhi ni wenyeji, na wataweza kufanya hivyo pale tu sheria itakaposema nao kwa maneno wanayoyatumia wakiwa ndani ya mtumbwi.