Aulizwe mgonjwa, si roboti

“Upasuaji umefaulu.” Mwanamume aliyeondolewa tezi kibofu yenye saratani huyapokea maneno hayo kwa furaha. Lakini miezi mitatu baadaye huenda angali anavaa nepi ndani ya suti, na mambo ya chumbani hayasemeki. Je, umefaulu kwa kipimo cha nani?

Siku hizi roboti ndiyo inayosifiwa. Daktari huketi kando akiongoza mikono ya mashine inayopitia matundu madogo tumboni. Baadhi ya sifa hizo ni za kweli: mgonjwa hupoteza damu kidogo na hurudi nyumbani mapema. Hata hivyo, mjini Brisbane, Australia, wanaume 326 waligawanywa kwa kura, nusu wapasuliwe kwa roboti na nusu kwa njia ya kawaida. Matokeo yaliyotolewa 2016 na 2018 yalionyesha kwamba makundi hayo hayakutofautiana sana katika kuzuia mkojo wala nguvu za kiume, hata baada ya miaka miwili.

Hayo yalijulikana kwa kuwa wagonjwa wenyewe waliulizwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kipimo cha damu cha PSA kitamwonyesha daktari dalili za saratani kurejea, lakini hakitamwambia mgonjwa huamka mara ngapi usiku kubadilisha nguo. Isitoshe, wanaume wengi huona haya kuyaeleza hayo ana kwa ana. Karatasi ya maswali haina macho.

Maswali hayo sharti yaanze kabla ya kisu. Mzee mwenye kisukari huenda nguvu zake zilipungua zamani. Bila rekodi hiyo, mpasuaji atalaumiwa au atasifiwa bure.

Jambo hili linawezekana. Martini-Klinik ya Hamburg, Ujerumani, iliyoanzishwa 2005, huwafuatilia wagonjwa wake kwa maswali kila mwaka, na kila mpasuaji huonyeshwa matokeo yake.

Hapa kwetu, watu huuza mashamba na kufanya harambee ili mzee apelekwe India. Kabla ya kulipa, ndugu msomaji, usiulize tu kama kuna roboti. Uliza: kati ya wagonjwa 100 wa daktari huyu, ni wangapi wasiovaa nepi baada ya mwaka mmoja? Hospitali isiyo na jibu haijapima kazi yake, na haifai kutangaza kwamba imefaulu.