Jaza Maji ya Waipa

Ukipishana na Fuso kwenye barabara ya vumbi ya Msalala au Nyang'hwale mwezi Agosti, kwa sekunde kadhaa huoni kitu. Vumbi la hewani hutulia. La kiooni linabaki. Dereva wako anawasha waipa, zinakwaruza kavu, kioo kinakuwa michirizi mitupu, naye anaendelea na safari akichungulia kwenye kipande kilichosalia wazi juu ya usukani.

Mwulize maji ya waipa yako wapi. Atakuambia pampu ilikufa. Ilikufa lini? Hakumbuki.

Hebu tufungue boneti. Kitangi kipo, cha plastiki, kina mfuniko wenye alama ya kioo na maji. Mara nyingi utakikuta kikavu, udongo umegandamana chini. Kisuuze, mimina lita mbili za maji safi, kisha vuta kishikio cha waipa. Ukisikia pampu inalia na maji hayatoki, nozeli imeziba: ingiza sindano ya kushonea kwenye tundu, zungusha taratibu. Usiposikia mlio, anza na fyuzi, halafu waya wa pampu. Kampira ka maji nako hukakamaa kwa joto la injini na kupasuka. Fundi anakaunga palepale huku ukinywa chai. Na kama pampu imekufa kweli, ya mtumba bei yake haikaribii ya tairi moja. Yale magari ya Japani tunayoagiza yalitengenezwa yakiwa na mfumo huu. Kilichoukausha ni kutojali kwetu.

Wapo wanaosema maji ndiyo yanaleta tope, bora kufuta kavu. Tope linakuja kwa sababu ya maji machache. Sufuria ya ugali iliyokauka ukoko huioshi kwa matone matatu, unailoweka kwanza. Kioo nacho ni hivyo: shikilia kishikio mpaka maji yatiririke, ndipo waipa zipite mara tatu nne. Kufuta kavu ni kusugua kioo kwa mchanga. Ile mikwaruzo midogo ya nusu duara unayoiona kwenye vioo vya magari ya huku ilichorwa hivyo, na haitoki. Usiku taa za gari linalokuja zikiipiga, kioo kizima kinawaka mbele ya macho yako.

Angalia pia maji yanaangukia wapi. Gari likisimama, yanaweza kufika vizuri, lakini ukikimbia upepo unayasukuma hadi sehemu ya chini ya kioo. Elekeza nozeli juu kidogo ya usawa wa macho ya dereva. Maji ya kisima cha chumvi yaepuke, yanaacha ukoko mweupe unaoziba tundu. Sabuni iwe tone tu, povu likizidi linaacha ukungu.

Dawa ya wengi sasa hivi ni chupa. Tumeiona mara nyingi mno: gari linatembea, konda anatoa nusu ya mwili dirishani, anamwaga maji ya kunywa kwenye kioo, mengine yanawarukia abiria wa nyuma, dereva anakaza macho. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakula zaidi ya mita 22 kila sekunde. Sekunde tano za kumwaga na kufuta ni urefu wa uwanja wa mpira, na katika urefu huo huku kwetu kuna ng'ombe wanaovuka na mzee aliyefunga magunia ya mkaa kwenye baiskeli isiyo na taa. Toka Kahama saa kumi na moja jioni uelekee Ushirombo: jua liko usoni kwako njia nzima. Kioo chenye utando wa vumbi kikipigwa na jua hilo kinakuwa kama pazia jeupe.

Taa za mbele ndizo tunazozisahau kabisa. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, na bado unakutana na basi lenye taa nyekundu kwa udongo. Vumbi kwenye taa linapunguza mwanga unaofika barabarani, na ule unaopita linautawanya, ukamchoma machoni anayekuja. Dereva anaona giza, anawasha fulu, na mwenzake anazidi kutoona.

Uswidi waliwalazimisha wenye magari kuwa na visafishio vya taa za mbele tangu miaka ya 1970, na kwa kanuni za Ulaya taa yenye mwanga unaozidi lumeni 2,000 lazima iwe navyo. Huku utavikuta kwenye Prado na baadhi ya Land Cruiser: vijibomba kwenye bampa vinavyorusha maji kwa nguvu. Vinasaidia kwa tope bichi. Vumbi lililokaukia kwenye mizoga ya wadudu haviliwezi. Kwa hiyo hata mwenye gari la bei kubwa anahitaji kile anachohitaji mwenye Probox, yaani kitambaa kibichi, kila anaposimama kujaza mafuta. Kibichi, tunasisitiza. Taa nyingi siku hizi ni za plastiki, ukizisugua kavu zinapauka.

Na huwezi kutuambia watu wa huku hawajui. Mgodini dereva hatoi gari asubuhi kabla ya kukagua tairi, breki, taa, honi, waipa na maji yake. Anavuta kishikio, maji yanaruka, anaweka tiki. Jioni mtu huyohuyo anapanda Noah yake kurudi Katoro, kitangi kikavu, watoto wake wamekaa nyuma. Ujuzi anao, ameuacha getini.

Trafiki anayesimamisha magari Isaka au Runzewe anaomba leseni, bima, mtungi wa zimamoto, pembetatu. Aongeze maneno mawili: vuta maji. Hahitaji kipimo wala kifaa, jibu linaonekana kiooni papo hapo. Asiye na maji ajaze hapohapo kabla ya kuondoka. Mwenye pampu mbovu apewe siku chache za kuitengeneza, akirudi bila kutengeneza alipe faini.

Tajiri anayepokea hesabu kila jioni naye aulize kama maji ya waipa yapo kabla ya kuhesabu noti. Akiona dereva anamkatia hela ya pampu, asinune. Kioo kipya cha mbele kitamgharimu zaidi, na huko ni kabla hatujazungumzia mtu aliyegongwa.

Stendi zetu zina bomba, na pasipo na bomba pana mama mwenye ndoo za maji. Alfajiri, kabla abiria wa kwanza hajapandisha begi, konda amimine lita zake mbili, apitishe kitambaa kwenye taa zote mbili, kisha dereva avute kishikio, waliopanga foleni waone maji yakifika juu ya kioo.