Mchoro ukijaa ukuta, tufungashe kwa shughuli



Wiki hii makundi ya mwaka wa tatu tunabandika michoro ya yuzikesi ukutani, na kuna kundi limeunganisha karatasi sita za A4 kwa gundi. Viduara arobaini na kitu, mistari inapishana utadhani nyaya za Kariakoo. Mteja ataona nini hapo? Hamna kitu.

Kwa wenzetu wa vitivo vingine: yuzikesi ni jambo moja ambalo mtumiaji anataka mfumo umfanyie, mfano kulipa ada. Wazo ni la Msweden Ivar Jacobson, aliyelipata akiwa Ericsson na kulitangaza mwaka 1987. Tangu 1997 limo ndani ya UML, lugha sanifu ya michoro hii. Na UML yenyewe ina dawa ya msongamano: kifurushi (siyo kile cha MB, tulia). Kinachorwa kama jalada lenye kisikio juu, yuzikesi unaziweka ndani.

Ugomvi wetu huku bwenini ni mmoja: tufungashe kwa kigezo gani? Wengi wanafungasha kwa wahusika. Kifurushi cha Mwanafunzi, cha Mhadhiri, cha Mhasibu. Inavutia kwa vile hata kugawana kazi ni chapchapu. Mimi napinga, tena sana tu. Chukua "kusajili kozi". Mwanafunzi anachagua, mhadhiri anaidhinisha, mhasibu anahakiki ada. Utaiweka wapi? Kwenye UML kitu kina mwenye nyumba mmoja, hakimilikiwi na vifurushi viwili. Basi watu wanainakili mara tatu kwa majina yanayofanana, kila mtu anaandika programu ya kwake, na zikija kuunganishwa usiku wa kuamkia siku ya kujieleza mbele ya jopo, hazielewani. Alama ni za kundi zima, jamani!

Bora tufungashe kwa shughuli: Usajili, Ada, Mitihani, Malazi. Wahusika wapewe kifurushi chao pembeni, maana wanatumika kote. Yuzikesi zinazojumuisha nyingine zikae jirani nazo. Ukiona mishale ya vistari inavuka kutoka kifurushi hadi kifurushi kila mahali, ujue umekata pabaya.

Jamaa mmoja kanibana: je, mhasibu akitaka kuona mambo yake tu? Swali zuri. Si umchoree mchoro wake! Mchoro ni picha, kifurushi ndiyo makazi. Yuzikesi moja inaweza kuonekana kwenye michoro hata mitano huku inaishi kifurushi kimoja.

Na ule mchoro wa juu kabisa uonyeshe vifurushi vitupu, bila kiduara hata kimoja. Jopo likitaka undani, unafungua jalada husika.

Kundi letu tuna siku 9, na wawili bado wameng'ang'ania wahusika. Kesho jioni tunapiga kura.