Damu Kwenye Mkojo Tunaiandika Nini?

Mtoto wa skuli akikojoa damu na kupelekwa kituoni, anaweza kuandikwa kwa namna tatu. Anaweza kupewa B65.0, yaani kichocho cha njia ya mkojo. Anaweza kupewa N39.0, maambukizi ya njia ya mkojo yasiyotajwa yako sehemu gani. Au R31, damu kwenye mkojo, basi. Hiyo ni misimbo ya ICD-10, orodha ya Shirika la Afya Duniani ya kuhesabia maradhi. Magonjwa ya kuambukiza na ya vimelea yamewekwa kuanzia A00 hadi B99. N39.0 imo kwenye sura ya figo na mkojo, na R31 imo kwenye sura ya dalili tu. Kwa hiyo mtoto ni yule yule, damu ni ile ile, lakini ukihesabu wagonjwa wa kichocho humuoni. (ICD-11 imeanza tangu Januari 2022 na misimbo imebadilika. Tatizo halijabadilika.)

Najua wapo watakaosema hayo ni makaratasi. Kwetu Pemba si makaratasi. Kati ya 2012 na 2017, shehia 90 za Unguja na Pemba ziliingizwa kwenye jaribio kubwa la kutokomeza kichocho: watu waligawiwa prazikwanteli, baadhi ya shehia wakauliwa konokono wa mabwawani na mitoni, nyengine watoto wakafundishwa kubadili tabia. Maradhi yakapungua sana. Sasa shehia nyingi zina wagonjwa wachache tu, na kaskazini mwa Pemba tangu 2020 umejaribiwa mtindo mwengine: anapopatikana mgonjwa mmoja, anafuatwa mpaka nyumbani kwake na mpaka kwenye maji anayooga. Zamani, watoto wengi wanaugua, dawa ilimfikia kila mtu hata yule asiyeandikwa. Leo asiyeandikwa hafuatwi, na mto wake hautazamwi.

Kwa wanawake ni vibaya zaidi. Mayai ya kichocho yanaweza kukaa kwenye shingo ya kizazi na uke, yakaleta maumivu, vidonda na damu. Dalili hizo zinafanana na za magonjwa ya zinaa, na mara nyingi ndivyo zinavyochukuliwa. Anaandikiwa A64, ugonjwa wa zinaa usiotajwa. Anapewa antibiotiki ambazo hazimgusi mdudu hata kidogo, na anarudi nyumbani na neno la kumueleza mume au mama yake. Jamani, msichana aliyekuwa akifua mtoni anaulizwa alikuwa na nani!

Simlaumu nesi mwenye foleni mpaka nje na hana hadubini. Kama hakupima, R31 ndiyo haki, asibahatishe B65.0. Lakini kipimo chenyewe si cha maajabu: mililita 10 za mkojo zinachujwa, kichujio kinatazamwa kwa hadubini, mayai yanahesabiwa. Mwenye lawama ni anayepanga bajeti ya dawa kila mwaka akasahau vifaa vya kituo na mafunzo ya anayejaza daftari. Kituo kidogo kinaweza kisiandike msimbo wowote, lakini neno lililoandikwa pale ndilo litakalogeuzwa msimbo huko mbele.

Na sisi wa Elimu tumo. Mwalimu ndiye anayemuona mtoto kila siku, na bado tunaweza kumaliza digrii nzima bila kuambiwa kuwa mvulana anayekojoa damu hajabaleghe, anaumwa. Naiomba serikali ya wanafunzi iwakutanishe wenzetu wa afya na sisi tunaokwenda mazoezi ya kufundisha, hata kwa mchana mmoja, kabla ya kuondoka. Watufundishe nini cha kuandika kwenye kikaratasi cha kumpeleka mtoto kituoni: anakojoa damu tangu lini, anaoga mto gani, apimwe mkojo. Na mzazi akirudi, tumuulize kilichoandikwa, sio dawa aliyopewa tu.