Mtoto anataka sanaa, mzazi anataka mshahara: Mkondo wa tatu Gredi ya 10 una nafasi gani?

Kundi la kwanza la Gredi ya 10 nchini Kenya lilianza masomo Januari 2026. Sasa mwanafunzi anaweza kusomea muziki, uigizaji, uchoraji au michezo kama mkondo kamili sekondari pevu, si kitu cha kupitishia muda saa kumi jioni. Nyumbani, hata hivyo, swali ni lile lile la zamani: gitaa litakulipia kodi ya nyumba?

Ni rahisi kumlaumu mzazi. Lakini angalia hesabu za serikali yenyewe. Wizara ya Elimu inalenga asilimia 60 ya wanafunzi wafuate STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Asilimia 25 ni ya Sayansi ya Jamii. Sanaa na Michezo wameachiwa 15.

Shule nazo zimepangwa vivyo hivyo. Zile za mikondo miwili hutoa STEM na Sayansi ya Jamii. Anayetaka sanaa lazima apate shule ya mikondo mitatu. Sasa mtoto wa kijijini anayechora kuliko mwalimu wake afanye nini, ikiwa shule iliyo karibu ni ya mikondo miwili na nauli ya mbali hakuna? Ataingia STEM, na kwenye takwimu itaonekana amechagua.

Mzazi pia hadharau sanaa kama tunavyodhani. Jioni ni yeye huyo huyo anayecheka na video za vichekesho kwenye simu. Kinachomtisha ni kukosa hati ya mshahara, kwa sababu sacco na benki huiulizia kabla ya kutoa mkopo. Msanii anaweza kulipwa vizuri Desemba, halafu Januari hadi Machi kimya. Mirabaha nayo? Wanamuziki wamelalamika kwa miaka mingi kwamba inayowafikia ni kidogo mno.

Mtoza ushuru ndiye hakuwa na shaka kwamba hii ni kazi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya asilimia 5 kwenye malipo ya wanaotengeneza maudhui ya mtandaoni.

Tatizo ni kwamba upande wa pili wa hesabu ya mzazi umebadilika pia, na hapa wengi wamebaki nyuma. Udaktari ndio ulikuwa mfano wa kazi salama. Mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, na moja ya sababu kubwa ilikuwa mpango wa kuwalipa madaktari wanagenzi Sh70,000 kwa mwezi badala ya Sh206,000 zilizokuwa kwenye makubaliano ya 2017. Mwaka huo huo walimu wanagenzi wa sekondari msingi waliingia barabarani wakidai ajira ya kudumu. Hawa ni watu waliosoma "kitu cha maana", kama walivyoambiwa.

Kwa hivyo mzazi analinganisha hatari ya sanaa na usalama wa kazi ambazo usalama wenyewe umepungua.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Wasanii wengi waliofanikiwa hawakuwahi kuchagua upande mmoja. Ken Walibora alichapisha Siku Njema mwaka 1996, riwaya ambayo kizazi kizima kinaikumbuka. Lakini alikuwa pia mtangazaji wa KBC na baadaye NTV, kisha mhadhiri Marekani na hapa Nairobi. Kazi moja haikuua nyingine. Mtaala unamtaka mtoto wa miaka 15 aamue mapema jambo ambalo Walibora hakulazimika kuliamua akiwa mtu mzima.

Kwa familia ambazo bado zinabishana kuhusu mkondo, pengine mtu wa kuulizwa kwanza ni mwalimu mkuu. Shule ina mwalimu wa muziki aliyeajiriwa na TSC, au ni yule wa Kiswahili anayeshikilia kwaya? Vyombo viko vingapi, na wanafunzi wangapi watavigawana? Kuna shule ambazo mkondo wa sanaa uko kwenye karatasi tu, na huko hata mtoto mwenye kipaji atapoteza miaka mitatu.