Shamba Limejaa, Mtoto Amedumaa



Ndugu wazazi na wanafunzi wapenzi, shukrani zote anastahiki Allah (s.w.) aliyetujaalia ardhi yenye rutuba na mvua. Ukisimama Makambako utaona malori yakipita na viazi, mahindi na maparachichi ya Njombe kupeleka Dar es Salaam na kwingineko. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika mkoa wetu, kati ya kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 50 wamedumaa. Kwa nchi nzima walikuwa 30. Jirani zetu wa Iringa walituzidi, 57. Na hii ndiyo mikoa inayolisha wengine!

Mtoto aliyedumaa si lazima akonde. Anashiba, anacheza, ila kimo chake kiko nyuma ya umri wake, nasi tunasema, "Kwao ni wafupi." Kumbe ubongo nao hujengwa katika siku zile zile, tangu mimba hadi miaka miwili, siku 1,000 hivi. Tunapompokea madrasa ana miaka sita, siku hizo zimeshapita.

Tumbo linajazwa ugali wa sembe na viazi, asubuhi chai ya rangi. Mayai na maziwa yamekwenda kuuzwa. Mama anaondoka alfajiri kwenda shambani, na mtoto wa miezi kumi analishwa mara moja mchana kutwa, ilhali anahitaji kula mara tatu au nne mbali na kunyonya. Kwa maoni yangu, kumlaumu mama peke yake ni dhulma. Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, inataja kunyonyesha miaka miwili kamili, na papo hapo inamwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya huyo mama. Sisi akina baba aya hiyo tunaisoma nusu.

Anayeuza trei zote za mayai akarudi na soda na biskuti amefanya biashara ya hasara. Abakishe machache. Hata parachichi ambalo mnunuzi amelikataa kwa udogo wake, likipondwa kwenye uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita, linafaa kabisa.

Ramadhani nayo: mjamzito au anayenyonyesha, akihofia nafsi yake au mtoto, sheria imempa ruhusa ya kufungua. Wapo wanaojilazimisha kwa kuogopa maneno ya majirani. Mume ndiye wa kwanza kumtoa hofu hiyo.

Nanyi wanafunzi, ninyi ndio mnaoachiwa wadogo zenu. Osha mikono kwa sabuni. Uji uwe mzito, usitiririke kama maji. Mlishe taratibu, akigeuza uso subiri kidogo kisha ujaribu tena. Na yai alilowekewa mdogo wako, tafadhali, lisiishie kwako.

Wabillahi tawfiq.